Mbwa Akidedi Kapsokwony: Ni Sumu ya Jirani Ama Ni Parvo? Hii Ndio Njia ya Kujua

Fungua Katiba ya Kenya ya 2010, shuka mpaka Jedwali la Nne, pale kazi za kaunti zimepangwa moja baada ya nyingine. Katikati ya mambo ya barabara, masoko na chekechea, utapata mbwa. Si jokes. Kutoa leseni za mbwa ni kazi ya kaunti. Huduma za mifugo pia, na kudhibiti magonjwa ya wanyama. Kwa hivyo mbwa wako wa Kapsokwony, hata kama kazi yake ni kubwekea watu wa nduthi tu, ni maneno ya serikali ya Kaunti ya Bungoma.

Sasa swali: huyo mbwa akianza kutapika Jumatatu na Alhamisi awe amededi, ni nani anakuambia kilichomuua?

Mara nyingi ni hakuna mtu. Mwenye mbwa anajijibu mwenyewe: "Jirani amemwekea sumu." Na ukicheki, hajakosea kufikiria hivyo. Jana mbwa alikuwa anaruka, leo hataki hata maziwa, kesho anaharisha damu yenye harufu huwezi sahau. Kama mlikuwa mmekosana na mtu juu ya mpaka wa shamba ama kuku aliyeliwa, basi stori imejipanga yenyewe. Mbwa anatupwa kichakani, jirani anaanza kuangaliwa vibaya, na wiki mbili baadaye analetwa mtoto mwingine wa mbwa kwa boma ile ile. Naye anaenda vile vile. Hapo sasa watu wanaanza kuongea juu ya uchawi.

Inaweza kuwa sumu kweli. Lakini hizo dalili, hasa kwa mbwa mdogo ambaye hajachanjwa, ni dalili za parvo. Na kuna kipimo kidogo, ukubwa wa kile cha kupima mimba, kinachoweza kukupa jibu kwa kama dakika kumi. Wengi wenu mko Nairobi, Eldoret ama Kitale na mmeacha mbwa shags kwa mathee. Wengine mnauza watoto wa German Shepherd mtandaoni kutafuta chapaa. Hii maneno ni yenu.

Parvo ni nani?

Ni virusi vidogo ajabu. Ukivipanga 40,000 kwa mstari ndio ufikishe milimita moja. Vinaingia kwa mdomo, mbwa akilamba ama kunusa mahali kinyesi cha mgonjwa kiliguza. Siku 3 mpaka 7 baadaye, noma inaanza.

Parvo inapenda seli zinazozaana haraka. Mbwa anazo nyingi sehemu mbili: ukuta wa utumbo na uboho ndani ya mifupa. Ukuta wa utumbo ukichubuka, damu inatoka na bakteria wa tumboni wanavuka kuingia kwa damu. Uboho nao umeshapigwa, kwa hivyo seli nyeupe za kupigana na hao bakteria hazipo za kutosha. Mbwa anakufa kwa kuishiwa maji na kwa maambukizi, kwa wakati mmoja.

Bila matibabu, mpaka mbwa 9 kati ya 10 hufa. Akiwekewa maji ya mshipa mapema, apewe dawa za kuzuia kutapika na antibiotiki, wengi hupona. Wanaoumia zaidi ni wale wa kati ya wiki 6 na miezi 6. Na wasee wa biashara, skizeni: German Shepherd, Rottweiler na Doberman ni kati ya mbegu zinazopigwa vibaya zaidi.

Hii parvo ya mbwa haishiki binadamu. Kuna parvo ya watu inaitwa B19, lakini ni virusi vingine kabisa, kwa hivyo usiogope kumshika mbwa wako akiwa mgonjwa. Kitu cha kuogopa ni viatu vyako. Virusi hivi vinakaa kwa udongo miezi mingi, hata mwaka na zaidi, na sabuni pekee haiviui. Ndio maana mbwa wa pili kwa boma ile ile alikufa. Hakuna aliyemroga. Aliletwa kulala mahali mwenzake aliharisha.

Ndani ya hicho kipimo kuna nini?

Kuna kingamwili. Hizi ni protini zenye umbo la herufi Y ambazo mwili hutengeneza ukivamiwa. Kila kingamwili ina ncha za kushika kitu kimoja tu: ya parvo inashika parvo, inaachana na zingine zote.

Shida ya zamani ilikuwa kuzipata nyingi za aina moja. Mwaka 1975, Georges Köhler na César Milstein, wakiwa Cambridge kule Uingereza, walichukua seli ya panya inayotengeneza kingamwili, wakaiunganisha na seli ya saratani ambayo haijui kuacha kuzaana. Wakapata kiwanda hai kinachotoa kingamwili ile ile, mwaka nenda mwaka rudi. Mwaka 1984 walipewa tuzo ya Nobel pamoja na Niels Jerne.

Na usidhani hii ni sayansi ya ng'ambo peke yake. Pale Kabete, Nairobi, taasisi iliyoanzishwa 1973 kwa jina ILRAD, ambayo leo inaitwa ILRI, ilikuwa inatumia kingamwili za aina hii tangu miaka ya 1980 kuchunguza kimelea cha East Coast Fever, ule ugonjwa wa kupe unaomaliza ng'ombe. Ujuzi uko nchini miaka mingi. Ulianzia kwa ng'ombe, kwa sababu ng'ombe ni pesa.

Kipimo cha parvo kinafanya kazi hivi. Vet anachukua kinyesi kidogo na pamba, anakichanganya na maji maalum, anadondosha matone kwa kishimo. Maji yanapanda kwa karatasi yakipita kwa kingamwili zilizofungwa na chembe ndogo sana za dhahabu. Kama virusi vipo, zinavishika na kusafiri navyo. Mbele kuna mstari wa kingamwili zingine zinazovingoja. Vikinaswa hapo, dhahabu inajikusanya na unaona mstari mwekundu kwa T. Mstari wa C unaonyesha tu kwamba kipimo kimefanya kazi. Mistari miwili, ni parvo. C isipotokea, tupa, chukua kingine. Kama ulipimwa Covid kwa njia ya haraka, ushaiona hii movie.

Chanuka: kuna vipimo viwili tofauti

Hapa ndio watu huchanganyikiwa. Kipimo cha kwanza kinatumia kingamwili kutafuta virusi kwa kinyesi. Kinajibu swali: huyu mbwa ana parvo sasa? Cha pili kinatumia damu, na kinatafuta kingamwili za mbwa mwenyewe. Kinajibu: huyu mbwa ashawahi kukutana na parvo ama chanjo yake? Mbwa mzima kabisa aliyechanjwa anafaa kupatikana nazo kwa hicho cha pili, na ni habari njema. Mtu akikuambia "amepatikana positive", muulize ni kipimo gani kabla hujaanza kulia.

Na hata kile sahihi kinaweza kukosea. Mbwa akipimwa mapema sana ama akiwa amechelewa, virusi kwa kinyesi vinaweza kuwa vichache na mstari usitokee. Akipimwa siku chache baada ya chanjo, mstari hafifu unaweza kutoka kwa sababu ya chanjo yenyewe.

Mfano upo. Agosti 2022, kaunti ya Otsego kule Michigan, Marekani, mbwa zaidi ya 30 walikufa wakitapika na kuharisha damu. Vipimo vya haraka kwa kliniki vilikuwa vinasema si parvo. Mitandao ikawaka: ugonjwa wa ajabu umeingia! Sampuli zikapelekwa kwa maabara ya chuo kikuu cha Michigan State, zikachunguzwa kwa kina, na jibu likarudi: ni parvo, ile ile ya kawaida, kwa mbwa ambao hawakuwa wamekamilisha chanjo. Hawa ni watu wako na vipimo kila kliniki, na bado maabara kubwa ndio ilizima uvumi.

Sasa fikiria Kapsokwony. Ukitoka hapo unashuka Kimilili, ndio upate gari ya Bungoma ama ya Kitale. Maabara ya serikali ya uchunguzi wa mifugo ya kanda iko Eldoret. Ile kubwa iko Kabete. Ni nani atabeba kinyesi cha mbwa kwa mat mpaka Eldoret, kwa pesa yake, na mbwa ashakufa? Hapo ndipo ukweli unapotelea, na jirani anabaki na lawama.

Kwa nini maabara inataka mbwa wa mlima

Kuna kingamwili zinauzwa kwa vichupa zimeandikwa ni za utafiti pekee. Hizo si za kupima mbwa wako nyumbani. Hazijathibitishwa kwa kazi ya kutoa majibu kwa mgonjwa, zinataka friji na mtu aliyesomea. Lakini kazi yake ni kubwa. Mtafiti anazipaka rangi inayong'aa, anaziweka kwa kipande cha utumbo, na chini ya darubini anaona virusi viko seli gani. Anaweza pia kuzitumia kwa kipande kilichohifadhiwa kwa formalini. Weka hiyo formalini akilini, tutairudia.

Parvo ya mbwa ilijulikana 1978. Kwa kama miaka miwili ilikuwa imezunguka dunia. Wanasayansi wakajiuliza imetoka wapi, wakarudi kwa friji kupima damu za mbwa zilizowekwa zamani. Kwa damu iliyochukuliwa Ugiriki 1974 wakapata kingamwili za parvo. Virusi vilikuwa vimeingia kimya kimya miaka minne kabla ya mtu yeyote kupiga nduru, na ushahidi ulipatikana kwa sababu kuna mtu hakutupa chupa za damu.

Halafu virusi vikaanza kubadilika. Colin Parrish na wenzake wa Chuo Kikuu cha Cornell walitumia kingamwili za aina moja moja kuonyesha kwamba aina ya kwanza ilikuwa imefagiliwa na nyingine, 2a. Mwaka 1984 ikaonekana 2b, na mwaka 2000, Italia, ikaonekana 2c. Hizi mpya zinashika hata paka. Kila mbwa aliyepimwa mahali fulani ni nukta kwa ramani ya hivi virusi. Mbwa aliyetupwa kichakani Kapsokwony bila kupimwa hayuko kwa ramani yoyote.

Unajua mlima huu ushawahi kutembelewa na maabara za dunia? Mwaka 1980, Mfaransa aliyekuwa akifanya kazi kiwanda cha sukari cha Nzoia alikufa kwa Marburg baada ya kuingia pango la Kitum, upande wa Trans Nzoia wa Mlima Elgon. Mwaka 1987 akafuata kijana Mdenmaki wa miaka 15. Mwaka 1988 timu kutoka jeshi la Marekani pamoja na Wakenya iliingia pangoni na mavazi ya kujikinga, ikapima wanyama, ikatoka bila virusi. Vilikuja kupatikana kwa popo aliyekamatwa pale 2007. Kwa hivyo watu wanaweza kufika huku na maabara nzima wakitaka. Marburg inaua watu, naelewa. Lakini mlima ni ule ule, na wanyama wake wanakutana.

Mbwa wanapanda na wachungaji mpaka Chepkitale. Huko juu kuna chui na fisi. Utafiti uliochapishwa 1994 ulipima damu ya mbweha wa Kenya na kupata kingamwili za parvo, kumaanisha virusi havingoji ruhusa ya kutoka bomani. Na mwaka huo huo wa 1994, Serengeti, ugonjwa mwingine wa mbwa, distemper, uliua karibu theluthi moja ya simba, kama 1,000 hivi. Ukipuuza mbwa wa kijiji, hujui unapuuza nini kingine.

"Lakini mbwa wangu alidungwa"

Alidungwa nini? Zile sindano za kaunti, za siku watu wanapanga foleni na mbwa wamefungwa kamba, kwa kawaida ni za kichaa cha mbwa. Kenya iko na mpango ulioanza 2014 wa kumaliza kichaa cha mbwa kwa binadamu ifikapo 2030, na ni mpango wa maana sana. Peleka mbwa wako. Lakini hiyo sindano haizuii parvo hata kidogo. Ya parvo ni nyingine, huwa imechanganywa na ya distemper, na unailipia mwenyewe kwa vet. Dawa ya minyoo nayo si chanjo ya kitu chochote.

Mwishoni mwa 2024 nchi nzima ilikuwa inabishana juu ya mpango wa Rais Ruto wa kuchanja ng'ombe milioni 22 na mbuzi na kondoo milioni 50. Watu walileta mpaka stori za Bill Gates. Kwa hizo kelele zote, mbwa hakuwa kwa list, na hakuna aliyeuliza. Sawa, mbwa halipi kodi wala hatoi maziwa. Lakini ndiye askari wa boma ambalo hao ng'ombe wanalala.

Form ni gani basi?

Kwa kaunti, mambo matatu, na hakuna linalotaka jengo jipya:

Moja, ofisi ya mifugo ya Mt Elgon pale Kapsokwony iwe na vipimo vya haraka vya parvo, na mwenye mbwa achangie kidogo.

Mbili, iwe na chupa za formalini. Kipande cha utumbo wa mbwa aliyekufa kikiwekwa humo hakihitaji barafu. Kinaweza kusafiri na parseli zingine mpaka kwa maabara, kingoje mtaalamu. Tena kuna njia ya zamani ya bei nafuu: parvo hufanya seli nyekundu za damu ya nguruwe zishikane, na kingamwili za parvo zikizuia kushikana huko, maabara inajua ni yenyewe. Nguruwe Bungoma hawajaisha.

Tatu, kila jibu liandikwe: tarehe, kijiji, umri wa mbwa, chanjo. Wakati wa kampeni ya kichaa, watu waambiwe wazi kwamba parvo ni sindano tofauti, na mbwa anayetapika abaki nyumbani. Foleni ya mbwa bila chanjo ni sherehe ya parvo.

Kwako wewe:

Ukinunua mtoto wa mbwa, usiuziwe mbuzi kwa gunia. Itisha kadi yenye stika ya chupa ya chanjo, tarehe na sahihi ya vet. Chanjo inaanza wiki ya 6 mpaka 8, inarudiwa kila wiki 2 mpaka 4 hadi afikishe wiki 16, halafu nyingine ndani ya mwaka. Sababu ya kurudia ni kwamba kingamwili za maziwa ya mama zinaweza kuizima chanjo ya mapema, na kila mtoto zinamuisha siku yake. Sindano moja si kamili, hata muuzaji aape kwa bibi yake.

Akianza kutapika na kukataa chakula, mpigie vet siku hiyo hiyo, uliza kama ana kipimo. Mtenge na wengine. Akikufa, mzike mbali na maji; usimtupe. Osha sakafu na vyombo kwanza mpaka uchafu utoke, kisha weka Jik, kikombe kimoja kwa vikombe 30 vya maji, iache dakika 10. Udongo huwezi kuuosha hivyo, kwa hivyo mbwa atakayefuata aje akiwa amekamilisha chanjo.

Kipimo kikisema si parvo, hiyo peke yake haijathibitisha sumu. Mwambie vet achukue sampuli zaidi. Na kikisema ni parvo, kuna simu moja ya kupiga kabla ya zote: ya jirani uliyemtaja kwa group ya kijiji.

Kwa wale wanauliza dawa: mwaka 2023 wizara ya kilimo ya Marekani iliruhusu kwa masharti kingamwili ya kutibu parvo, ya kampuni ya Elanco, sindano moja ya mshipa kwa mbwa wa wiki 8 kwenda juu. Kwa hivyo kile kitu kilichokuwa kinatumika kunasa virusi kwa karatasi sasa kinavinasa ndani ya mbwa mwenyewe. Lakini hata hiyo dawa inaanza na swali lile lile. Lazima kwanza mtu awe amejua ni parvo.

Vikao vya umma vya bajeti ya kaunti hufanyika kila mwaka. Vijana wengi hawaendi, halafu tunashangaa pesa imeenda wapi. Safari hii ukisikia tangazo la Mt Elgon, enda na swali moja tu: vipimo vya parvo na chupa za formalini ziko kwa bajeti ya mifugo, ndio ama la? Wakicheka kwamba umeleta maneno ya mbwa, wasomee Jedwali la Nne.